Swala Asiye na Masikio

Vijana wangu, mgonjwa akiingia chumbani mwenu msianze na maswali. Tazameni mikono yake. Tazameni anavyoufunga mlango, anavyotoa kadi mfukoni, na kama mkono unacheza anapotembea au umeganda ubavuni. Maswali yana wakati wake. Mimi nilikuwa muuguzi wa akili hapa Machakos mpaka serikali iliponiambia basi, Zuhura, nenda kapumzike, na jambo hili sikulisoma popote. Nilifundishwa na mchongaji wa Wamunyu, na alinifundisha kwa swala wa mti.

Wawili ninao hapa mezani. Mmoja ana miguu minene, ukimtazama vibaya utadhani ni mbuzi aliyeshiba. Wa pili ni mwembamba, shingo imepinda taratibu, miguu kama vijiti vya kiberiti, na hana masikio. Kila mgeni anayeingia humu humshika huyu wa pili na kumsifu. Mimi huomba amrudishe mezani, kwa sababu nikimwona mikononi mwa mtu roho yangu haitulii.

Nitafika kwao. Kwanza niwaambie habari za kufuli, maana bila kufuli hamtaelewa kitu.

Aliyenipokea kazini alikuwa Bwana Kilonzo, afisa wa kliniki, mtu mrefu, mkali, mwenye koti moja la kijivu lililoimaliza miaka ya tisini yote. Siku ya kwanza alinipeleka kwenye kabati la dawa, akanipa ufunguo, akaniambia fungua. Nikafungua. Akalifunga tena, akatoa mfukoni ufunguo mwingine unaofanana na ule, ila jino lake moja limevunjika, akausukuma kwenye kufuli mpaka ukakaa. Akaniambia sasa fungua kwa ule wako. Ufunguo wangu haukupata pa kuingia. Akasema hiyo ndiyo haloperidol, dawa yetu kuu ya kutuliza sauti, na nikiielewa hiyo kufuli nitakuwa nimeelewa nusu ya kazi.

Nusu ya pili ilichukua miaka. Katika ubongo kuna kemikali inayoitwa dopamini. Seli moja huimwaga, na seli ya jirani huipokea kwa vipokezi vilivyo kwenye utando wake wa nje. Dopamini yenyewe haiingii ndani. Inakaa kwenye kipokezi kama ufunguo, kipokezi kinabadilika umbo, na ndani ya seli kuna protini inayoamshwa na badiliko hilo ili ipeleke habari. Hapa ndipo wanafunzi wengi huteleza, kwa hiyo wekeni simu chini. Vipokezi hivi viko vya aina tano, katika koo mbili. Ukoo wa kwanza huongeza mjumbe fulani ndani ya seli, yaani huiambia seli changamka. Ukoo wa pili humpunguza mjumbe huyo huyo, yaani huiambia seli tulia. Ufunguo ni ule ule mmoja, na habari zinazofika ndani zinapingana. Dawa zetu za zamani zilikaa hasa kwenye ukoo wa pili, kwenye kile kipokezi mnachokiita D2, na kazi yake pale ilikuwa kuziba tu.

Bwana Kilonzo alikuwa akisema dawa haina macho. Ukimdunga mtu kwa sababu ya sauti anazosikia, dawa haiendi kwenye sauti peke yake. Inakwenda na damu, na kila inapokuta kufuli ile inakaa. Na kufuli ile iko sehemu nyingi. Iko pale ubongo unapoamua sauti gani ina maana na ipi ni kelele tu. Iko kwenye viini vya ndani vinavyopanga mwendo wa mikono na miguu. Iko mahali panapoamuru kutapika, ndiyo maana baadhi ya dawa za kutapika ni binamu wa dawa zetu, na msichana aliyekuja akitapika anaweza kuondoka macho yamegeukia dari. Na iko kwenye tezi ile ndogo chini ya ubongo, ambako dopamini huzuia maziwa yasitoke.

Hiyo ya maziwa nilikutana nayo mapema. Mama mmoja wa Mumbuni alimleta binti yake akiwa amemshika kiwiko kama askari. Binti hajaolewa, hajazaa, hedhi imekatika, na blauzi inalowa. Mama alikuwa amegeuza nyumba nzima juu chini akitafuta mtoto aliyefichwa. Nilimweleza kwamba ni dawa yetu, imeziba kufuli inayoyafunga maziwa, na hakuna mtoto wala hakuna dhambi. Yule mama alikaa kwenye benchi akalia kwa sauti, akamwomba binti yake msamaha mbele ya watu wote. Mpaka leo nikikumbuka jinsi binti alivyomfuta mama yake machozi, nami hulengwalengwa nayo.

Sasa Mutisya.

Aliletwa na mkewe, Mwende. Mutisya alikuwa mchongaji mwenye jina katika banda lao kule Wamunyu. Wengine wakichonga twiga, vifaru, na vijiko vya saladi, yeye alichonga swala, na wanunuzi kutoka Nairobi walikuwa wakishuka garini wakiuliza swala wake kabla ya kusalimia watu. Mguu wa swala ni kazi ngumu. Ni mti mkavu, umekatwa kwa tezo, kile kishoka kidogo kinachokata kwa kuvutwa kuelekea mwilini, na pigo moja la kijinga linauvunja mnyama mzima. Watu wa banda walisema Mutisya alikuwa anausikiliza mti kabla ya kuukata. Walikuwa wanamsifu. Hawakujua kwamba mti ulikuwa umeanza kumjibu.

Magogo yalimwambia kwamba Mwende anamtilia kitu chakulani. Siku moja alikaa mezani na tezo mapajani, akamtazama mkewe akipakua, na hakugusa chakula mpaka kikapoa. Tangu siku hiyo Mwende alikuwa akiichukua ile tezo kila jioni, anaizika ndani ya gunia la mahindi, halafu analala ameketi, mgongo kwenye mlango. Alinieleza haya yote bila kutoa chozi, mikono ameikunja juu ya mkoba, kama mtu anayesoma orodha ya vitu vya dukani.

"Sista, mimi sitaki kumuacha," aliniambia. "Lakini pia sitaki kufa. Nisaidie hapo katikati."

Vijana, nimesikia hotuba nyingi kuhusu lengo la matibabu. Hakuna aliyelisema vizuri kuliko huyo mama.

Tukamwanzishia Mutisya dawa, na siku chache baadaye nikapata habari kwamba shingo imepinda. Nilikuwa najua. Kwa kijana mwenye nguvu hiyo ni kawaida, misuli inakaza yenyewe, kichwa kinageuka upande, ulimi unakuwa mzito. Ambacho sikukijua ni dawa waliyompa wenzake kabla yangu. Nilipofika Wamunyu na gari la kliniki nilimkuta bandani, amelazwa kwenye ubao, amefungwa magunia mabichi shingoni mpaka mabegani, na mzee wa banda anammwagia maji kwa kopo. Nikauliza ni nini hiki. Mzee akanieleza kwa utulivu kabisa kwamba gogo likikauka upande mmoja haraka kuliko mwingine linapinda, na ukiliwahi kwa gunia bichi, taratibu, linarudi. Wakaona na shingo ya Mutisya imekauka upande mmoja.

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia. Hawakumwita mganga, hawakusema ana mapepo, hawakumkimbia. Walimtendea kwa ujuzi waliokuwa nao, na kwa upole ule ule waliouweka kwenye kazi nzuri. Nilimdunga sindano ya kulegeza misuli, tukangoja, na shingo ikarudi mbele ya macho yao. Mzee akafungua magunia akasema maji pia yamesaidia. Nikamwambia ndiyo, mzee, yamesaidia. Mngefanya nini nyinyi, mbishane naye?

Pale pale niliwaeleza, maana walitaka kujua nimefanya nini. Niliwaambia kwenye viini vile vya mwendo kuna njia mbili, ya kusema nenda na ya kusema simama. Dopamini huichangamsha ile ya nenda kwa ukoo wa kwanza wa vipokezi, na huituliza ile ya simama kwa ukoo wa pili. Dawa yetu ikiziba ukoo wa pili, ile njia ya simama inabaki bila wa kuituliza, na mwili unakaza. Pale pale kuna kemikali nyingine inayovutana na dopamini, na sindano niliyompa imeipunguza nguvu ili mizani irudi. Mzee wa banda alisikiliza, akaniuliza kama kuna sindano ya nenda peke yake, aipate kwa ajili ya vijana wake wavivu.

Sauti zilinyamaza. Hilo lazima niliseme wazi, kwa sababu kuna watu siku hizi wanazisema vibaya dawa za zamani kana kwamba hazikuwahi kumfaa mtu. Baada ya wiki kadhaa Mutisya alikula chakula cha mkewe na kuomba kuongezwa. Tukamhamishia kwenye sindano ya mwezi. Lakini uso wake ulikuwa umelala, alitembea kwa hatua fupi, na vidole vilitetemeka akishika kikombe. Mwezi uliofuata alikuja na swala kwenye gazeti, akaniwekea mezani. Nikadhani ni zawadi, nikamshukuru.

Akatikisa kichwa. "Mwaitu, hiyo si zawadi," alisema, akiniita mama kwa Kikamba ingawa tulilingana umri. "Ni ya kuona. Angalia miguu. Hii mkono yangu imekuwa ya mtu mwingine."

Nikamshika yule mnyama nikamtazama vizuri. Miguu ilikuwa minene kama ya kigoda. Kwenye paja, mahali ambapo tezo inapaswa kupita mara moja na kuacha uso laini, palikuwa na vijingazi, alama za pigo juu ya pigo, kila mkono uliposita. Nilikuwa nimejifunza kuwainua wagonjwa mikono na kuikunja nikisikiliza ukakamavu, na ni kipimo kizuri, endeleeni nacho. Lakini kinaonyesha mkono ulivyo kwa dakika hiyo moja mbele ya daktari. Yule swala alionyesha mkono ulivyokuwa mwezi mzima, kazini, bila kujikaza kwa ajili ya mtu.

Nikampelekea Bwana Kilonzo. Alimgeuzageuza, akavua miwani, akavaa tena. Tangu hapo tukakubaliana na Mutisya kwamba kila akija sindano aje na mnyama. Tuliwapanga swala hao dirishani kwa kufuatana. Wagonjwa wengine walidhani tumefungua duka.

Kwanza tulijaribu vidonge vya kulegeza. Mtetemeko ulipungua, ila mdomo ulimkauka, jua la Wamunyu likawa linamchoma hatoi jasho, na macho yakashindwa kuona vitu vya karibu. Mchongaji asiyeona ncha ya tezo yake! Swala wa mwezi huo alikuwa na jicho moja shavuni. Tukaviacha, tukaanza kuipunguza sindano, kidogo kidogo, kwa sababu sindano ya mwezi haiondoki upesi. Inajichuja kutoka kwenye msuli kwa wiki nyingi, na ukiipunguza leo, jibu lake utaliona ukiwa umeshasahau.

Na jibu lilikuja zuri. Miguu ilianza kukonda dirishani. Vijingazi vikapungua, shingo ikapata ule mpindo wake. Mutisya mwenyewe alikuwa anaingia akitabasamu, uso umeamka, mikono inacheza. Bwana Kilonzo hakuwa mtu wa kusifu, lakini nilimkuta siku moja amesimama peke yake dirishani akimpapasa swala wa mwisho kwa kidole. Mwende alikuwa akija naye kila mara, anakaa karibu na mlango. Nilipomuuliza nyumbani wako vipi alisema wako sawa.

Halafu Mutisya akamleta huyu hapa.

Aliufungua ule mfuko wa gazeti mbele yetu. Sijapata kuona kazi ya mkono wa mtu iliyonigusa namna ile. Alikuwa mwembamba, amesimama kama anayetaka kuondoka, na mti umeng'aa bila alama hata moja ya tezo. Bwana Kilonzo akasema, basi, tumefika, kipimo tumekipata. Mimi nilikuwa bado nimemshika, nampapasa kichwani, na kidole changu kikawa kinatafuta kitu ambacho hakipo. Mahali pa masikio palikuwa laini kama yai.

Nikamuuliza Mutisya kama yamevunjika.

"Hapana," alisema, akaangalia sakafu. "Huyu sikumuwekea. Nilimuonea huruma. Sitaki asikie yenye mimi nasikia."

Niligeuka nikamtazama Mwende. Alikuwa amekaa pale pale karibu na mlango, mgongo wima, mikono imekunjwa juu ya mkoba, vile vile alivyokaa siku ya kwanza. Nikamuuliza anaiweka wapi tezo. Akasema, kwa mahindi. Nikamuuliza tangu lini. Alimtazama mumewe, na nikaelewa kwamba alikuwa ameificha tena kwa muda mrefu na kunyamaza, kwa sababu alikuwa anamwona mumewe amefurahi na hakutaka kuwa yeye wa kumnyang'anya furaha hiyo.

Hili ndilo ninalotaka mlishike, na msilishike kama habari ya mtihani. Dawa inapopungua mwilini, kufuli zinaachiwa. Mikono huanza kulegea kabla sauti hazijarudi, kwa sababu mwili hukakamaa pale tu kufuli nyingi mno zikizibwa, na sauti hutulia kwa kuzibwa kufuli chache kuliko hizo. Kati ya vipimo hivyo viwili kuna nafasi. Kwa mtu mwingine nafasi hiyo ni pana kama uwanja, anakaa humo maisha yake yote, mikono yake mizuri na kichwa kimetulia. Kwa mwingine ni nyembamba kama mguu wa swala. Hakuna mashine hapa kwetu iliyotuonyesha Mutisya ni yupi. Uzuri wa ile kazi ulituambia mkono umeshapona, na yale masikio yasiyokuwapo yakatuambia tumeipita nafasi na kutoka upande wa pili, kwenye sauti.

Bwana Kilonzo aliketi. Akamweleza Mutisya ukweli, taratibu, kwa Kikamba: dozi ikipanda sauti zitanyamaza na mkono utarudi kuwa mzito. Ikibaki hapa mkono utabaki, na sauti zitazidi. Akamwambia tutatafuta kipimo cha chini kabisa kinachonyamazisha sauti, hatutamzidishia hata tone, lakini hatuwezi kumwahidi swala kama huyu. Nilimwonea uchungu Bwana Kilonzo siku ile. 

Mutisya alimchukua yule swala mezani, akamshika muda mrefu. Alimpitishia kidole gumba mguuni, juu mpaka chini, mara nyingi. Kisha akanigeukia mimi.

"Nirudishie miguu minono," alisema, akimwonyesha Mwende kwa kidevu. "Huyu mama amekaa macho sana."

Nikamdunga. Yule mwembamba aliniachia mezani, hakurudi kumchukua.

Swala walinenepa tena. Sauti ziliondoka, polepole kuliko mara ya kwanza, na kipimo tulichokifikia kikamwachia mkono wa kufanya kazi, si wa kufanya maajabu. Wanunuzi wa Nairobi walilalamika, wengine wakahamia kwa wachongaji wengine. Bandani walimtania kwamba swala wake wamehamia Konza kwenye ranchi, wanakula vizuri. Naye alicheka. Miaka ya elfu mbili ilipoingia dawa mpya zikaanza kutufikia kwa kudonoadonoa, zile ambazo baadhi zinakaa kwenye kufuli kwa ulegevu na kugusa vipokezi vingine pia, na mwili haukazi sana. Nilikwenda mbio kumwambia Mutisya. Alinisikiliza kwa heshima, akaniuliza kama dawa hiyo itakuwapo kila mwezi pale kliniki au itakuja na kupotea. Sikuweza kumdanganya. Akasema niwape vijana, swala wake yeye wamezoea miguu yao.

Mnaweza kuniambia leo mna dawa bora, na ni kweli, ninafurahi kwa ajili ya wagonjwa wenu. Zitumieni. Lakini nazo hazina macho. Nazo zitakaa kila zinapokuta kufuli, na ninyi ndio mtakaokuwa macho yao. Mwambieni mwashi alete mwiko awaonyeshe anavyopaka, mwambieni mshonaji alete pindo aliloshona. Na anayekaa karibu na mlango, anayesema wako sawa, mfuateni nje mumuulize tena.

Mwaka niliostaafu, Mwende alikuja kuniaga nyumbani. Mutisya alikuwa na kazi bandani, akamtuma na mnyama. Ndiye huyu mnene. Ana masikio makubwa, yamesimama, makubwa kuliko ya swala yeyote aliye hai, na polishi amepakwa na Mwende mwenyewe. Tulikunywa chai, tukazungumza habari za mvua na magoti. Alipokuwa anavaa viatu kibarazani nilimuuliza lile swali langu la zamani, kwa mazoea tu, tezo siku hizi anaiweka wapi.

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa habari za jirani aliyehama kitambo.

"Sijui," alisema. "Muulize mwenyewe. Mimi nikiingia kwa kitanda nalala."